Masomo ya Mbali na Stadi za Mkono: Tuliyojifunza Karatu

Mkufunzi anayekwenda kukagua mazoezi ya kufundisha hujiona kuwa yeye ndiye mpimaji na mwanachuo ndiye mpimwa. Safari yetu ya Karatu na Ngorongoro ilituonyesha kwamba mambo huweza kugeuka. Safari ile tulipimwa sisi, na aliyetupima hakuwa mwalimu wala mkaguzi, bali mkunga wa zamu ya usiku aliyekuwa akijisomea kwa simu. Tunaandika habari hii kwa ajili yenu, ndugu wanachuo mnaojiandaa kufundisha katika shule za msingi, kwa sababu jambo alilotufunulia mkunga yule linaihusu kazi yetu kama linavyoihusu yake. Jambo lenyewe ni hili: mtu hupataje stadi, na kwa nini anayefaulu mtihani wa stadi huweza asiwe na stadi yenyewe?

Somo la asubuhi

Siku ile tuliondoka Karatu mjini alfajiri, tukapanda hadi lango la Lodoare, mahali linapoanzia eneo la hifadhi ya Ngorongoro, ambalo lilitengwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Ukungu ulikuwa mzito, na dereva alikwenda taratibu sana. Shule tuliyoikusudia ipo nyanda za juu, ambako watoto hujifunika shuka juu ya sare kwa sababu ya baridi. Wengi wao huzungumza Kimaa nyumbani, na Kiswahili hukikuta shuleni.

Mwanachuo wetu alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri kuliko wote katika mtihani wa mbinu za kufundishia. Andalio lake la somo halikuwa na kasoro. Zana zilikuwapo: kila mtoto alikuwa na vijiti kumi na viwili mbele yake. Somo lilikuwa Hisabati, darasa la tatu, na mada ilikuwa kugawanya. Mwalimu aliandika ubaoni 12 ÷ 3, akaeleza kwa sauti ya kusikika, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Akaandika mfano wa pili, akaeleza, akauliza, "Tupo pamoja?" Darasa likaitikia vilevile. Kwa dakika zote 40 hakuuliza swali hata moja ambalo mtoto angeweza kulikosa.

Tulipopita katikati ya madawati tulimwona msichana mmoja aliyekuwa amepanga vijiti vyake katika mafungu matatu, kama mwalimu alivyoagiza. Fungu la kwanza lilikuwa na vijiti sita, la pili vinne, la tatu viwili. Mtoto yule alikuwa amesikia neno "mafungu", lakini hakuwa amesikia neno "sawa". Alipotuona akavifunika kwa kiganja.

Baada ya somo tulijaza fomu. Andalio la somo tukalipa alama ya juu. Zana, alama ya juu. Sauti na matumizi ya ubao, alama ya juu. Tulipofika penye mbinu ya maswali tulisita kidogo, kisha tukaandika alama nzuri, kwa kuwa tulikumbuka jinsi kijana huyu alivyoandika vizuri juu ya aina za maswali katika mtihani wetu. Tuliitia fomu mkobani, na dhamiri yetu ikatulia.

Mkunga wa zamu ya usiku

Jioni tumbo lilimshika mwanachuo wetu, ikabidi tushuke naye Karatu na kumpeleka kwenye kituo cha tiba. Alipewa dawa, akatundikiwa dripu, nasi tukaambiwa tusubiri. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini.

Kiasi cha saa nne za usiku, mama mmoja wa makamo, muuguzi mkunga, alitoka wodi ya wazazi, akanawa mikono na kuketi karibu na dirisha. Aliiegemeza simu yake kwenye boksi la glavu, akafungua daftari, akaanza kuandika.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia. "Hata kazini unasoma?"

"Marahaba, mwalimu," akajibu. "Kazini ndiko darasani kwangu. Na hapa dirishani ndipo mtandao unaposhika."

Alitueleza kwamba ameifanya kazi yake kwa zaidi ya miaka 15, na kwamba sasa anasomea shahada ya uzamili ya stadi za juu za uuguzi na ukunga kwa njia ya mtandao. Masomo hayo yamewekwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuwa na shahada na uzoefu wa kazi. Mihadhara hutumwa kwa intaneti; kuna picha za video zinazoonyesha namna ya kufanya kila tendo; kuna majadiliano na wenzake walioko nchi nyingine; kuna majaribio ya kuchagua majibu; na mwisho lipo daftari la stadi ambalo msimamizi hulitia sahihi. Tulimwuliza kwa nini hakuomba ruhusa akasome chuoni. Akatujibu kwa swali: "Nikienda kukaa chuoni Dar es Salaam miaka miwili, zamu yangu ataishika nani?"

Tulimpongeza kwa bidii yake. Hakuonekana kufurahia sana pongezi zetu.

"Mwalimu, nikwambie jambo," akasema. "Somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua nilipata alama 94 kwa mia. Wiki ileile akazaliwa mtoto hapa, hapumui. Nilijua kila hatua, ningeweza kukusomea. Lakini vidole vyangu vilikuwa vikiitafuta barakoa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, kwa maana nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuishika. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Ila tangu siku ile ninaiogopa ile 94. Kichwa kiliipata, mkono haukuwa na habari nayo."

Kisha alifungua kabati akatuonyesha mwanasesere wa mafunzo, wa plastiki, anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga. Alisema kwamba tangu tukio lile, yeye na wenzake hawaanzi zamu kabla ya kumshika mwanasesere yule kwa dakika chache: mmoja hufanya, mwingine hutazama na kuhesabu muda, kisha hubadilishana. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe amesaidiwa kupumua kabla dakika ya kwanza ya maisha yake haijaisha, na wakunga huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu. Katika dakika moja hakuna nafasi ya kufungua daftari.

Alipokuwa akimrudisha mwanasesere kabatini, alitutupia swali ambalo halijatutoka hadi leo: "Na ninyi walimu, mwanasesere wenu yuko wapi?"

Kusoma ukiwa kazini si jambo geni

Kabla hatujamjibu mkunga, yafaa tutazame nyuma, maana wako watu wanaodhani kwamba masomo ya mbali yaliingia nchini pamoja na simu na kompyuta.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wao. Kikundi hakikuishia kwenye majadiliano. Watu waliinuka wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya mbu na kufyeka majani. Redio ilileta somo kutoka mbali, kikundi kililifanya somo liwe la pale kijijini, na jembe likalimaliza.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa walimu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi ilihitaji walimu wengi kwa muda mfupi kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote, na vyuo vilivyokuwapo visingetosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana walianza kufundishwa ualimu wakiwa shuleni kwenye vijiji vyao: walifundisha watoto, wakasoma kwa posta na redio, wakakutana na mkufunzi katika vituo vya masomo, na mwishoni wakaingia chuoni kwa muda mfupi. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Baadhi yetu tulifundishwa kusoma na kuandika na walimu hao.

Kwa upande wa tiba, mfano ulio karibu nasi ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kifahamikacho kwa jina la COSECSA, ambacho kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake makuu yapo Arusha. Chuo hiki hakina mabweni wala kumbi za mihadhara. Daktari anayesomea upasuaji hubaki katika hospitali iliyokubaliwa na chuo, akifanya kazi chini ya daktari bingwa, na masomo mengine huyapata kwa mtandao, ambao uliimarishwa kwa ushirikiano na chuo cha madaktari wa upasuaji cha Ireland ulioanza mwaka 2007. Kila upasuaji anaoufanya au kusaidia kuufanya huuandika katika daftari lake, na bila daftari hilo hawezi kufika kwenye mtihani wa mwisho.

Mtaona kwamba katika mifano yote mitatu mna vitu vitatu: somo litokalo mbali, mwenzi aliye karibu, na kazi iliyo mkononi. Kinapokosekana cha tatu, vile viwili vya kwanza hutoa watu wanaojua kueleza tu.

Ushahidi wa Haydom

Huenda msomaji akasema kwamba tunajenga hoja kubwa juu ya maneno ya mkunga mmoja. Basi na tuvuke mpaka kutoka Karatu tuingie wilaya jirani ya Mbulu, mkoani Manyara, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Kabla ya mafunzo walipimwa kwa mwanasesere, na baada ya miezi saba wakapimwa tena. Waliofaulu jaribio la kumsaidia mtoto asiyepumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Mkufunzi yeyote angejivunia matokeo kama hayo. Lakini watafiti hawakuishia hapo, bali walitazama pia yaliyotokea katika chumba cha kuzalia. Huko waliona kwamba vitendo vya wahudumu kwa watoto halisi havikuwa bora kuliko awali, wala vifo vya saa 24 za kwanza vilivyotokana na kukosa pumzi havikuwa vimepungua. Wahudumu walikuwa wamefaulu, na watoto walikuwa wakifa kama zamani.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 hospitali ilibadili njia. Somo lilibaki lilelile. Kilichobadilika ni ratiba yake: mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi, yakisimamiwa na wahudumu wenyewe wa hospitali. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Baadaye mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000.

Ndugu wanachuo, zitazameni tena hesabu hizi kwa jicho la mwalimu. Mafunzo ya siku moja yalitoa alama. Dakika chache zilizorudiwa kila wiki zilitoa uhai. Tofauti haikuwa katika uzuri wa mhadhara.

Asubuhi ya pili

Usiku ule, tulipokuwa tukimsubiri mwanachuo wetu, tuliitoa ile fomu mkobani tukaisoma upya. Tulitambua kwamba penye mbinu ya maswali hatukuwa tumempimia alichofanya darasani, bali alichotuandikia kwenye mtihani. Tulikuwa tumempa 94 ya mkunga.

Asubuhi, alipokwisha kupata nafuu, tulimweleza ukweli wote. Tulimwambia juu ya msichana na mafungu yake, tukamwambia kwamba alama ile itapungua. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa adabu, "Mkufunzi, chuoni tuliandika juu ya maswali. Kuuliza hatukuwahi."

Hatukuwa na jibu, kwa maana alisema kweli. Aina za maswali tulikuwa tumezifundisha kwa mihadhara miwili, tukaandikisha muhtasari, tukatunga swali la mtihani. Ufundishaji wa vipindi vifupi mbele ya wenzao, ambao mtaala unautaka, tuliufanya mara moja katika muhula, tena kwa wachache, wengine wakawa watazamaji. Tulipunguza alama yake kama tulivyosema, lakini chini ya fomu tuliongeza kwamba stadi hii haikufanyiwa mazoezi ya kutosha chuoni, na tukatia sahihi yetu.

Tuliporudi tulilifikisha jambo hili kwenye kikao cha wakufunzi. Baadhi ya wenzetu walipinga, wakisema kwamba mada ni nyingi na muda ni mchache, nao walikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulikubaliana tujaribu kwa muhula mmoja: kila kipindi cha mbinu kianze kwa dakika tano za mazoezi, wanachuo wakiwa wawili wawili, stadi moja tu kwa wiki. Hatuwezi kudai kwamba matatizo yote yamekwisha. Tunachoweza kusema ni kwamba siku hizi wanachuo hutuletea maswali ya aina nyingine. Zamani waliuliza, "Hili litatoka kwenye mtihani?" Sasa huuliza, "Mtoto akinyamaza, nifanye nini?"

Mashauri kwa mwalimu mtarajiwa

Mtakapoajiriwa mtakutana na Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambayo yana masomo ya mtandaoni yanayotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na yanawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza shuleni. Baadhi yenu mtaendelea hadi shahada kwa njia ya mbali, huku mkifundisha. Msizidharau njia hizo. Kwa mwalimu aliye Endulen au Mang'ola huenda zikawa ndizo njia pekee za kujiendeleza bila kuacha watoto peke yao. Lakini yazingatieni mambo manne.

Kwanza, kila somo ulisomalo kwa mbali lipe tendo moja la kulifanya darasani wiki hiyohiyo. Somo lisilo na tendo huhifadhiwa kwenye daftari, na daftari halifundishi.

Pili, tafuta mwenzi. Si lazima awe bingwa. Mkunga wa Karatu hutazamwa na muuguzi mdogo kuliko yeye, kwa kuwa kazi ya mtazamaji ni kuona lililofanyika na lililosahauliwa. Mwombe mwalimu wa darasa la jirani aketi nyuma kwa dakika tano na kuhesabu maswali yako: mangapi yalijibiwa kwa "ndiyo", na mangapi yalihitaji mtoto afikiri.

Tatu, fanya mazoezi mafupi na uyarudie mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Semina ya siku tatu isiyorudiwa ni sawa na mvua moja kubwa ya Februari: huonekana nyingi, lakini mahindi hayakomai kwayo.

Nne, usiiamini alama kabla hujaitazama kazi. Ukipata cheti, furahi, kisha uende kwenye madawati uone watoto wamepanga vijiti vyao namna gani.

Hitimisho

Kabla mazoezi ya kufundisha hayajaisha, tulirudi katika shule ile ya nyanda za juu. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha kugawanya kwa mara nyingine. Safari hii hakuuliza kama wameelewa. Alisema, "Kila mmoja agawe vijiti vyake kwa watu watatu, asiwepo atakayelalamika," kisha akatembea kati ya madawati akitazama, akiuliza, "Wewe umempa huyu vingapi? Na yule je?" Alipofika kwa msichana tuliyemwona siku ya kwanza, mtoto aliinua kiganja. Mafungu yake yalikuwa matano, manne na matatu. Jibu lilikuwa bado na kosa, lakini safari hii mwalimu aliliona, akachuchumaa kando ya dawati, wakalisahihisha pamoja.

Mkunga yule hatujapata kuonana naye tena. Tungemwona, tungemwambia kwamba swali lake tumelipatia jibu, ingawa tulichelewa: mwanasesere wetu ni dakika tano za kila siku, mwenzi anayetutazama, na ujasiri wa kukosea mbele yake kabla hatujakosea mbele ya watoto. Nanyi, ndugu wanachuo, msingoje hadi mkaguzi aje. Anzeni kesho asubuhi, wawili wawili, kwa swali moja.